Tumbo na Fikira: Kama Mazungumzo Yaweza Kuwa Dawa

Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri ilitutaka tuseme machache juu ya jambo lililoletwa mbele yake mwaka huu, ambalo halijakatwa bado. Mwanachama mmoja, mtu mzima mwenye jamaa, amesumbuliwa na tumbo kwa muda wa miaka sita. Amepimwa choo, amepimwa damu, ameingizwa kamera ndani ya utumbo mpana, na kila mara amejibiwa kwamba hakuna kilichoonekana. Mwisho daktari amemwandikia, badala ya chupa nyingine ya dawa, aende kwa mtaalamu wa mambo ya nafsi akafundishwe mara nane. Akaileta karatasi hiyo kwa Mweka Hazina, akaomba Mfuko wa Wagonjwa umsaidie gharama. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine walisema mfuko wetu ni wa wagonjwa, si wa mazungumzo. Wengine wakasema, ikiwa vipimo havikuona kitu, basi hana kitu. Na mmoja, ambaye hatutamtaja, akauliza kama siku hizi chama kitawalipia watu wakapige soga.

Maswali hayo hatuyadharau. Fedha za mfuko ni jasho la wanachama, na mwenye kuzitunza hana budi kuuliza zinakwenda wapi. Kwa hiyo tulitafuta taarifa za madaktari wa nchi mbalimbali, tukazisoma kwa utaratibu, na haya tunayoyasema leo ndiyo tuliyoyapata. Tutataja mapema mahali tulipofikia, ili wazee wasikae wakingoja: twaona ombi la mwanachama huyu ni ombi la mgonjwa, na dawa aliyoandikiwa ni dawa.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Madaktari wa Kiingereza wameupa jina ambalo maana yake ni utumbo mwepesi wa kuudhika. Sisi katika hotuba hii tutauita utumbo usiotulia. Alama zake zimewekwa katika mapatano ya wataalamu yanayojulikana kwa jina la mji wa Roma, yaliyotolewa mara ya nne mwaka 2016. Mgonjwa huumwa na tumbo walau siku moja kwa juma katika muda wa miezi 3, na maumivu yale yawe yalianza si chini ya miezi 6 kabla. Tena maumivu hufungamana na kwenda haja kubwa: huja au hupoa mtu aendapo chooni, au hufuatana na choo kubadilika, kikawa cha mara nyingi au cha nadra, kigumu kama mbegu au chepesi kama maji. Wengine huhara, wengine hufunga choo, na wengine hupata yote mawili kwa zamu, tumbo likijaa gesi hata mshipi haufungiki. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 33 ulitangazwa mwaka 2021, na kati ya watu waliojibu kwa njia ya intaneti, kama 4 katika kila 100 walikuwa na alama hizo. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume. Ugonjwa huu hauui, wala haugeuki kuwa saratani. Lakini mtu aweza kuishi nao miaka thelathini akiteseka.

Hapa kwetu mtu wa namna hii hupita njia ndefu kabla ya kujua ana nini. Hujiambia ni amiba, akanunua vidonge dukani. Yakirudi maumivu, husema ni homa ya matumbo, akapimwa damu kwa kile kipimo cha Widal, ambacho madaktari wenyewe husema hakitegemeki sana, akameza dawa tena. Baadaye huwa ni vidonda vya tumbo. Mwisho wa yote watu wa nyumbani hunong'ona kwamba amelishwa kitu na mwenye wivu, na hapo mbuzi huanza kuuzwa. Wanachama mnajua vema kwamba hatutungi hadithi.

Sasa twaomba wazee wautazame kidogo usemi wetu wenyewe. Mtu angojaye hukumu ya baraza, au matokeo ya mtihani wa mwanawe, twasema amekaa tumbo joto. Hatusemi kichwa joto, wala goti joto. Na watu wa pwani hutumia neno moja, chango, kwa utumbo, kwa minyoo, na kwa maumivu ya tumbo yasiyojulikana asili yake. Lugha haithibitishi elimu ya mwili, hilo twalikubali. Hata hivyo mwenye kusema tumbo joto asistaajabu sana akisikia daktari amesema kwamba hofu na utumbo ni jirani.

Ujirani huo ulionekana kwa macho karibu miaka mia mbili iliyopita. Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac, kaskazini mwa Marekani, kijana mmoja mchukuzi wa biashara ya ngozi, jina lake Alexis St. Martin, alipigwa risasi ubavuni kwa bahati mbaya. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu akapona, ila tundu la tumbo halikuziba kamwe. Kwa tundu hilo Beaumont alilichungulia tumbo likifanya kazi. Alitia vipande vya chakula vilivyofungwa kwa uzi wa hariri, akavitoa baada ya saa kadhaa na kuvitazama, na mwaka 1833 akatoa kitabu. Miongoni mwa aliyoyaandika ni kwamba mtu akishikwa na hofu au hasira, utando wa ndani wa tumbo hubadilika, mara huwa mwekundu na mkavu, mara hupauka, na kazi ya kusaga chakula huharibika. (Kijana mwenyewe hakufurahia kufanywa dirisha la watu. Safari moja aliondoka akarudi kwao Kanada bila ruhusa ya daktari, nasi hatumlaumu.)

Mwishoni mwa karne ile, Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alitumia eksirei, iliyokuwa imegunduliwa mwaka 1895, kutazama matumbo ya paka waliolishwa chakula kilichochanganywa na madini yaonekanayo kwa miale hiyo. Aliona tumbo likienda kama mawimbi. Paka alipoingiwa na hasira au woga, mawimbi yalisimama. Alipopapaswa akatulia, yakaanza tena. Paka, wazee wangu, hana kisa cha kutega kazi wala hajui habari za mfuko.

Tangu hapo elimu imekwenda mbele. Yajulikana sasa kwamba ndani ya kuta za matumbo mna chembe za fahamu zaidi ya milioni 100, zenye kuendesha shughuli za mle ndani hata bila amri ya ubongo. Kati ya ubongo na tumbo pana mshipa mkubwa wa fahamu, na sehemu kubwa ya nyuzi zake hazishuki bali hupanda. Yaani, kwa mfano wa kazi ya ofisi, barua zinazotoka wilayani kwenda makao makuu ni nyingi kuliko amri zinazoshuka. Kwa mtu mwenye afya, barua nyingi katika hizo hazifunguliwi: chakula kinasukumwa, gesi inapita, wala yeye hajui. Kwa mwenye utumbo usiotulia, kila barua hufunguliwa na kusomwa kwa sauti kubwa.

Jambo hili lilipimwa. Mwaka 1973 daktari wa Uingereza, Ritchie, alitoa habari za kipimo ambacho kipira kidogo huingizwa katika sehemu ya chini ya utumbo mpana na kujazwa hewa. Kwa kipimo kilekile cha hewa, zaidi ya nusu ya wagonjwa wa utumbo usiotulia waliona maumivu, ilhali katika watu wasio na ugonjwa huo waliolalamika walikuwa wachache sana. Basi yule asemaye kwamba mgonjwa hana kitu kwa kuwa kamera haikuona kitu, amesema kama mtu aliyetazama nguzo za simu akaona zimesimama wima, akakataa kuamini kwamba ndani ya waya mna kelele.

Wala chanzo cha ugonjwa si huzuni peke yake. Mwezi Mei 1983 wala mwezi mwingine hatuhitaji kuupekua. Latosha tukio la Mei 2000, wakati maji ya mji mdogo wa Walkerton katika Kanada yalipoingiwa na vijidudu vya kinyesi cha ng'ombe. Watu zaidi ya 2,000 waliugua, na 7 wakafa. Madaktari waliwafuatia waliopona, na baada ya miaka miwili wakakuta kwamba katika wale walioharishwa, zaidi ya theluthi walikuwa na alama za utumbo usiotulia, ijapokuwa vijidudu vilikwisha kuondoka zamani. Utumbo uliumia, nao ukabaki na kumbukumbu ya kuumia. Katika nchi ambayo watoto na wakubwa hupata kuhara mara kwa mara, habari hii yatuhusu.

Mtu aweza kuuliza, ikiwa ugonjwa ni wa mishipa ya utumbo, mazungumzo yafanya nini hapo? Jibu ni kwamba njia ile ya barua ni ya kwenda na kurudi. Hofu hushuka ikausumbua utumbo, utumbo uliosumbuka hupeleka juu maumivu, na maumivu huzaa hofu nyingine. Mviringo huu waweza kukatwa popote. Dawa za hospitali hujaribu kuukata upande wa chini. Tiba ya fikira hujaribu upande wa juu.

Tuchukue mfano wa mtu ambaye si yeyote kati yetu kwa jina. Shangazi yake amefariki Busia, naye yuko Nairobi, na basi laondoka jioni. Tangu asubuhi mawazo yake hayako kwa marehemu, yako kwenye choo. Nikishikwa baada ya Nakuru, dereva atakubali kusimama? Nikimwomba, abiria watasema nini? Kwa hiyo hali chakula siku nzima. Hameza vidonge vya kuzuia choo, hutafuta kiti kilicho karibu na mlango, na njia yote hulisikiliza tumbo lake kama mlinzi asikilizavyo hatua gizani. Tumbo linalosikilizwa hivyo halikosi kusema. Hufika hali amechoka, na moyoni hujiambia kwamba amesalimika kwa sababu hakula. Safari ya pili hofu imekua, hata ya tatu hasafiri kabisa. Hutuma salamu na mchango. Baadaye huacha kukaa mbele kanisani au katika safu za kati msikitini, huacha harusi, huacha baraza. Watu wa ukoo humhesabu kuwa ameingiwa na kiburi cha mjini. Naye hawezi kuwaambia ukweli, kwa kuwa ni nani atasimama mbele ya wakwe zake na kutaja choo chake?

Hilo ndilo lililotugusa kuliko hesabu zote. Maumivu ya tumbo ni mabaya, lakini kumkosa shangazi kaburini na kuitwa mwenye majivuno ni ubaya wa namna nyingine.

Mtaalamu wa tiba ya fikira na mwenendo humpokeaje mtu huyu? Hamwambii kwamba maumivu yake ni ya kuwaza tu. Kwanza humweleza jinsi utumbo na ubongo vinavyopelekeana habari, kama tulivyojaribu kueleza hapa, na wengi hupata nafuu ya kwanza kwa kusikia tu kwamba hawana wazimu wala saratani. Kisha humpa daftari, aandike kwa majuma mawili alichokula, lililotokea, alilofikiri, na maumivu yalivyokuwa. Daftari huonyesha mambo. Huenda mtu akakuta kwamba maharagwe aliyoyalaumu miaka mingi hayana kosa siku za Jumapili, bali huleta vita siku za Jumatatu, ambazo bwana mkubwa huita hesabu. Baada ya hapo huulizwa maswali kwa upole: katika safari 40, umeshikwa mara ngapi kweli? Na uliposhikwa, lilikuwa nini? Mwisho hufanya mazoezi kwa hatua. Hunywa chai na kula mkate, akapanda matatu kwa vituo viwili. Juma la pili vituo sita. Halafu Thika na kurudi. Hujifunza pia kupumua kwa tumbo: akae wima, mkono mmoja juu ya kitovu, avute pumzi polepole hata mkono uinuke, aitoe polepole zaidi, kama mara 6 kwa dakika moja. Zoezi hili la pumzi halina gharama, na kila mmoja wetu aweza kulijaribu usiku wa leo.

Katika Uingereza tiba hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa 558 ambao dawa za kawaida hazikuwaponya kwa mwaka mzima au zaidi. Matokeo yakatangazwa mwaka 2019. Sehemu moja ya wagonjwa walifundishwa kwa simu, kwa jumla ya saa 8 za mtaalamu. Wa pili walijifunza kwa intaneti kwa msaada mdogo. Wa tatu waliendelea na matibabu yao ya kila siku. Baada ya miezi 12, makundi mawili yaliyofundishwa yalikuwa na nafuu zaidi kuliko la tatu, na baada ya miezi 24 nafuu ile ilikuwa ingali ikionekana. Twawaomba wanachama wa mashambani walishike neno hilo la simu. Mtaalamu si lazima awe katika mtaa wako.

Iko tiba nyingine ambayo twaijua kuwa itawatia wazee wengi wasiwasi, nayo ni hipnosisi. Ni hali ya utulivu mzito, baina ya kuwa macho na kulala, ambamo mtu huelekeza fikira zake mahali pamoja akiongozwa na sauti ya mtaalamu. Wengine watafikiri ni kupagawa, au ni uganga wa pepo. Sivyo. Mgonjwa husikia yote, hujijua, na akitaka hufumbua macho akaondoka. Katika mji wa Manchester, Profesa Peter Whorwell na wenzake waliwachukua wagonjwa 30 waliokuwa wameshindikana kwa dawa, wakatangaza habari zao mwaka 1984. Nusu walipewa mazungumzo pamoja na vidonge visivyo na dawa. Nusu walipewa hipnosisi mara 7, nusu saa kila mara. Mgonjwa huweka mkono juu ya tumbo, akahisi joto likipenya, akauwaza utumbo wake kuwa kama mto uendao taratibu bila maporomoko. Wale wa mazungumzo walipata nafuu ndogo. Wale wa hipnosisi walipata nafuu kubwa katika maumivu, katika gesi, na katika choo pia. Watu 30 ni wachache, na hesabu ndogo huweza kudanganya. Lakini mwaka 2003 hospitali hiyohiyo ilitoa habari za wagonjwa 204: kama 71 katika kila 100 walipata nafuu kwa tiba hiyo, na wengi wa hao walikuwa bado wazima baada ya mwaka mmoja hadi mitano.

Kwa mambo ya mfuko, habari iliyotupendeza zaidi yatoka Uholanzi. Huko wagonjwa 354 waligawanywa: wengine walipewa hipnosisi mmoja mmoja, wengine katika kikundi, na wengine walipewa mafundisho na faraja tu. Baada ya mwaka mmoja, waliosema kwamba wamepata nafuu ya kutosha walikuwa kama 41 katika 100 kwa waliotibiwa peke yao, karibu 50 kwa waliotibiwa katika vikundi, na kama 23 kwa wale wa mafundisho. Hesabu hizo zilitangazwa mwaka 2019. Kikundi, basi, hakikushindwa na mtu mmoja mmoja, na gharama ya kikundi hugawanywa. Twawakumbusha pia, kwa uaminifu, kwamba hata katika kikundi kile bora nusu hawakutosheka. Mtu asije akatoka hapa akitangaza kwamba chama kimepata dawa ya matumbo yote.

Kuna jaribio jingine ambalo hatuna budi kulitaja, kwa sababu linachekesha na linafikirisha. Huko Boston, mwaka 2010, Ted Kaptchuk na wenzake waliwachukua wagonjwa 80 wa utumbo usiotulia. Nusu waliwapa vidonge vitupu, na wakawaambia waziwazi kwamba ni vitupu, havina dawa ndani, ila imeonekana kwamba mwili huweza kujisaidia mtu amezapo kwa utaratibu. Nusu nyingine walipata maongezi yaleyale na madaktari walewale, bila vidonge. Baada ya majuma 3, waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa 59 katika 100 kwa wenye vidonge, na 35 kwa wasio navyo. Twaona hapa sababu mojawapo ya waganga wetu wa zamani kusifiwa kwa matumbo. Walimkalisha mgonjwa chini, wakamwuliza habari za nyumbani kwake, wakampa kitu cha kunywa kwa saa zake. Daktari mwenye foleni ya watu mia hawezi kufanya hivyo. Ila habari hii isigeuzwe kuwa ruhusa ya kuwauzia watu maji ya rangi kwa bei ya ng'ombe.

Sasa twasema neno kwa wazee hasa, na twaomba lisikilizwe kuliko yote yaliyotangulia. Si kila tumbo linalosumbua ni utumbo usiotulia. Mtu aliyepita miaka 50 ambaye choo chake kimebadilika karibuni, au mtu yeyote mwenye damu katika choo, mwenye kukonda bila sababu, mwenye homa, mwenye upungufu wa damu, anayeamshwa usiku na kuhara, au ambaye katika ukoo wake mna saratani ya utumbo mpana, huyo asianze na mazoezi ya pumzi. Aende hospitali apimwe kwanza, tena upesi. Saratani na kifua kikuu cha matumbo havingoji mtu amalize daftari. Mwanachama wetu alipimwa yote hayo, ndiyo maana twaweza kumtetea bila hofu.

Wala tiba ya fikira haifuti nyingine. Dawa za kutuliza mkazo wa utumbo zingaliko, na utaratibu wa chakula una kazi yake: kula kwa saa zilezile, kutafuna bila haraka, kutoruka mlo. Mwongozo wa serikali ya Uingereza wa mwaka 2008 wamshauri mgonjwa asipite vikombe 3 vya chai au kahawa kwa siku. Twajua shauri hilo litapigwa vita katika nyumba nyingi za hapa, pamoja na za wajumbe wa Halmashauri. Mwongozo huohuo wasema kwamba mgonjwa ambaye dawa hazikumfaa kwa miezi 12 afikiriwe kupelekwa kwa tiba ya fikira au hipnosisi. Mwanachama wetu amengoja miaka 6.

Limebaki jambo la aibu. Tulipozungumza na mwanachama huyu, neno lililomwuma zaidi halikuwa kukataliwa fedha. Lilikuwa kwamba mtu mmoja katika mkutano alitaja jina la Mathari, na watu wakacheka. Hospitali ya Mathari imewahudumia wagonjwa wa akili tangu mwaka 1910, na wagonjwa wake ni ndugu zetu. Hapana la kuchekesha hapo. Tena mwenye utumbo usiotulia hatumwi kwa mtaalamu wa nafsi kwa kuwa amerukwa na akili. Hutumwa kama mwenye mguu uliovunjika atumwavyo kwa mfundishaji wa kutembea.

Kwa hayo yote, twapendekeza kwa Mkutano huu kwamba Mfuko wa Wagonjwa ukubali kulipa nusu ya gharama ya tiba ya namna hii, kwa muda usiozidi mafundisho manane, kwa mwanachama mwenye barua ya daktari inayoonyesha kwamba amekwisha pimwa. Mtaalamu awe ameandikishwa kwa Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na nambari yake ipelekwe kwa Mweka Hazina kabla ya senti kutoka, kwa maana wako watu waliotundika vibao mijini wasio na cheti chochote. Wakipatikana wagonjwa watano au sita, tutatafuta mtaalamu mmoja awafundishe pamoja, katika chumba cha mikutano, siku isiyo na mkutano mwingine. Na katika daftari la mfuko liandikwe neno moja tu, matibabu, kama linavyoandikwa kwa wengine wote.

Mwenye swali asilopenda kuliuliza mbele ya watu ataikuta ofisi wazi kila Jumamosi asubuhi. Karani wa zamu ataufunga mlango akiombwa, na choo kiko upande wa kushoto, ufunguo umetundikwa msumarini.